Bi Somoe na Ghala la Kahawa

Somoe angeweza kupotea kati ya jiko langu na choo changu. Simsengenyi. Nimeshamwambia hivyo mbele ya wateja, naye akakubali kwamba siku moja ilitokea. Alikuwa muuza usipa, wale samaki wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani. Aliteremka Mbamba Bay, akanunua kwa wavuvi, akapandisha mzigo Mbinga kwa lori. Mzigo haukuwahi kupotea hata siku moja. Aliyepotea ni mwenye mzigo.

Kuna safari alilala juu ya magunia, lori likapita Mbinga yeye anakoroma, akaamkia Litumbandyosi. Mwingine angelia. Yeye alifungua gunia akauzia kijiji kizima, watu ambao hawajaonja samaki tangu Pasaka, akarudi na maharage. Nikamuuliza alijuaje kwamba pale si Mbinga.

"Nilijua walipolipa bila kubishana," akasema.

Alikuwa mtu wa Lindi. Aliletwa huku milimani na mumewe, ambaye alikuwa Bwana Mifugo wa wilaya. Mume alipofariki tulidhani mjane atafunga virago arudi pwani. Akasema kurudi ni kazi, njia yenyewe haijui. Akabaki katikati yetu Wamatengo na Ukatoliki wetu, akasali kwenye msikiti wake mdogo wa mjini, akatuchangia misiba na ubatizo, na kila asubuhi akaja kibandani kwangu kunywa chai ya tangawizi na kunichokoza. Watoto hatukujaliwa kuwa nao, alikuwa akisema, kama vile na mimi nilihusika.

Ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia Mbinga na malori yao, wakatundika mizani kando ya barabara, wakalipa papo kwa papo. Ushirika ukanuna. Watu waliozoea kungoja malipo mpaka wasahau walivuna nini, sasa wakashika fedha mkononi, na mtu mwenye fedha mkononi ghafla hapendi tena majani ya maboga. Usipa ukauzika. Somoe hakununua redio wala hakubadilisha bati. Aliweka tu, kimya, na asubuhi moja akashusha kikombe akaniambia, "Shoga, nataka kwenda kuhiji Makka."

"Peke yako?"

"Na kaka yangu."

"Afadhali. Peke yako ungetokea Malawi."

Hakucheka. Ndipo nikajua jambo ni zito.

Kaka yake alikuwa Alhaji Mfaume, mfanyabiashara wa mitumba Songea. Yeye alishahiji. Alikuja kumwona dada yake na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, na viatu vyeusi vinavyong'aa ambavyo vumbi letu halikuvistahili. Akakaa kwenye benchi langu, akalifuta kwanza.

"Dada, usijisumbue," akamwambia. "Mimi nimeshahiji yangu. Ya safari hii nitakuhijia wewe."

"Kuhijiwa ni kwa marehemu na kwa mgonjwa asiyejiweza," Somoe akasema. "Mimi umeniweka kundi gani?"

"La wanaopotea. Kule ni watu mpaka mwisho wa macho, wote wamevaa nyeupe. Wewe unapotea sokoni Mbinga, na kila mtu hapa anakujua."

"Si kila siku."

"Jana ulinifuata mimi kutoka msikitini, ukanikuta ni mtu mwingine."

Hilo lilikuwa kweli, na yule mtu mwingine alikuwa Padre Augustino na kanzu yake. Alhaji akasimama, akakung'uta kanzu. "Nitarudi kahawa ikishajaa ghalani. Nikikukuta umebadilika, tunakwenda wote. Nikikukuta vilevile, nitakuhijia, na maji ya Zamzam nitakuletea."

Alipoondoka, Somoe alisogeza kikombe kando. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mama Joakim, mimi nimefika kila mahali kwa kupotea. Hapo tu nataka nifike kwa kukusudia."

Sasa mtu akikuambia hivyo utafanya nini? Makka sijaiona na sitaiona. Lakini msongamano naujua. Nimetembea na wanawake wenzangu wa parokia kwenda jubilei kule Mapera, tumesukumwa, tumekanyagwa, nimerudi nikiwa nimeshika mtoto wa mwenzangu wakati wangu ameshikwa na mtu mwingine. Nikamwambia, kesho hatunywi chai, tunaanza.

Kitu cha kwanza, nilimkataza kufuata nguo. Kosa lake lote lilikuwa hapo. Anaona kanga, anafuata kanga. Anaona kanzu, anafuata kanzu, basi anafika kwa padre. "Kule wote wamevaa nyeupe, utafuata wangapi? Shika kitu kisicho na miguu. Nguzo, mlango, ngazi. Mkipotezana na kaka yako usimtafute. Rudi pale penye kitu chako, simama, kaa kimya, akutafute yeye."

"Na asiponitafuta?"

"Ana roho gani? Atakutafuta. Atawaambia nini watu wa Lindi?"

Viatu. Alikuwa ameshanunua vipya vya safari, vya kijani, vina ua. Nikavitia kabatini kwangu nikafunga. Kiatu kipya safarini ni jipu unalolinunua mwenyewe. Nikampa kandambili zake za zamani zilizokwisha kujua mguu, na kamfuko ka kitambaa ka kuzitia akiingia msikitini, maana ukiziacha mlangoni pa watu wengi namna ile unazitakia safari njema. Choo, nenda kabla hakijakuita. Maji, kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu. Na lililokuwa kubwa kuliko yote, nililomwimbia mpaka akaanza kulisema usingizini: kikidondoka kitu katikati ya watu, kiache. Iwe kandambili, iwe kanga, iwe jino. Usiiname. Anayeinama kwenye msukumano hasimami tena.

Nilitaka pia kumshonea kwenye begi lake kipande cha kitenge changu cha wanawake wa parokia, kinachoonekana kutoka mbali. Akakigeuza, akaona picha. "Bi Mariamu tunamheshimu sana," akasema, "lakini picha yake hii iache ibaki Mbinga, iangalie kibanda chako." Tukashona kipande cha gunia.

Ikabaki miguu. Aliniambia kule kuna kwenda na kurudi kati ya vilima viwili, Safa na Marwa. Nikasema vilima vimejaa hapa, hata hatulipii. Nikampeleka shambani kwangu. Sisi tunalima ngolo, yale mashimo yanayopangwa mlimani kama sega la nyuki, na mtu hutembea juu ya matuta kati ya shimo na shimo. Nikamweka chini kabisa, mimi nikakaa juu na muhogo wa kuchoma. Akapanda, akashuka, akapanda. Mwanzoni alikuwa akinitukana akiwa juu na akiwa chini. Baada ya muda akawa anatukana akiwa juu tu. Mwishoni alifika juu akachukua muhogo wangu akashuka nao.

Halafu kuna kuizunguka Kaaba mara saba. Mjini kwetu kitu kikubwa chenye pembe nne kinachozungukika ni kimoja, ghala la kahawa la ushirika.

"Isije ikasemwa nafanya ibada hapa," Somoe akasema. "Ninazoeza miguu."

"Ibada ya magunia ndiyo ipi? Tembea."

Kwenye pembe ya karibu na dirisha la malipo kulikuwa na bomba la kushushia maji ya mvua, limepakwa rangi nyekundu. Hicho kikawa kitu chake kisicho na miguu. Unaanzia pale, unamalizia pale, ukipotea unasimama pale. Nilimtuma mchana, jua likiwa kali, akiwa amevaa nguo zake nyeupe ili azoee kutembea nazo bila kujikwaa. Mara ya kwanza alikosa bomba akazunguka mpaka ofisi ya posta. Mara ya pili akapata. Kila siku ikawa anazunguka, midomo inahesabu.

Nilichosahau ni Hyasinti.

Hyasinti alikuwa mlinzi wa ghala. Alivaa koti la jeshi jua na mvua, na msimu ule alikuwa haamini mtu. Mwaka uliopita ghala la ushirika lilikuwa limetelekezwa, watu wamekimbilia mizani ya barabarani, naye hakuwahi kukubali kwamba sababu ni fedha taslimu. Sasa fikiria. Mwanamke kutoka mbali, mavazi meupe, anazunguka ghala kila mchana, mara saba kamili, anasema kitu chini kwa chini, na kila raundi anagusa bomba. Na ng'ambo ya barabara lori la mnunuzi binafsi limeegeshwa.

Siku Alhaji Mfaume aliporudi, mimi niliijua. Alikuwa ametuma salamu kwa dereva. Kwa hiyo nikampeleka Somoe ghalani mapema, ili kaka afike amkute dada anazunguka kama saa ya ukutani. Alhaji akateremka kwenye basi na viatu vyake vile vile. Nikampa shikamoo ya heshima, nikamwambia, "Dada yako yuko ghalani, njoo umwone kwa macho."

Tulipofika hatukuona ghala. Tuliona migongo ya watu.

Hyasinti alikuwa amepiga kengele ya moto. Wakulima waliokuwa wakingoja dirisha la malipo wote walikuwa pale, pamoja na soko zima. Katikati yao Somoe alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye bomba jekundu, ametulia kama mtu anayengoja chai. Mwenyekiti wa tawi la ushirika, mzee Ignatio, alitoka nje miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Mama Usipa, unazunguka nini?"

"Shikamoo mzee. Ninazoeza miguu."

"Anazoeza kahawa kuhama," Hyasinti akasema. "Mara saba. Nimehesabu. Mizani yetu inapungua tangu aanze."

"Mizani yenu ilipungua tangu mimi sijazaliwa," Somoe akasema, na wakulima wakacheka, maana hapo alikuwa amewasemea.

"Umetumwa na nani?" mzee Ignatio akauliza.

Somoe akaninyooshea kidole juu ya vichwa vya watu. "Na yule."

Watu wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo nieleze habari za Makka, na Alhaji pembeni yangu akajifunika uso kwa kofia yake. "Nitamhijia," akasema. "Basi. Nitamhijia."

Wakati uleule mtu mmoja nyuma akasema, wala hakupaza sauti, "Dirisha limefunguliwa."

Kumbe karani aliona mwenyekiti ametoka, akafungua kipande cha mbao apate hewa. Lakini mwambie Mmatengo anayengoja malipo ya kahawa kwamba dirisha limefunguliwa, kisha umwombe asikimbie. Watu wote walikwenda kwa pamoja. Mimi nilibebwa. Alhaji alikuwa mbele yangu, na katikati ya msukumano ule nikaona kiatu chake kimoja cheusi kinatoka mguuni. Mtu aliyehiji, aliyetuambia habari za watu mpaka mwisho wa macho, akainama kukiokota.

Akatoweka. Niliona kofia, halafu sikuona kofia.

Somoe hakuacha bomba. Mkono wa kushoto ulibaki pale pale, wa kulia ukazama chini ya watu, ukaibuka umeshika kola ya kanzu. Akamvuta kama anavyovuta gunia la usipa kutoka kwenye lori, akambandika ukutani nyuma ya bomba, akamzibia kwa mwili wake mpaka watu wakapita. Yeye mwenyewe kandambili moja ilikuwa imekwenda. Hakuitazama.

"Kiatu changu," Alhaji akasema, akihema.

"Kiache," Somoe akasema. "Kikidondoka kitu, kiache. Hukufundishwa?"

Palipotulia, kandambili ilionekana, kiatu hakikuonekana, na mzee Ignatio alielezwa yote. Alicheka mpaka miwani ikarudi machoni yenyewe. Alhaji alisimama na mguu mmoja ndani ya soksi, vumbi mpaka kwenye ndevu. Akamgeukia dada yake.

"Pasipoti yako itabidi tuishughulikie Songea," akasema. "Na kule utakuwa umenishika mkono."

"Wewe ndiye utakayeshikwa," Somoe akamjibu.

Hyasinti ndiye pekee ambaye hakuridhika. Alisema Makka haijui, ila kwa usalama wa ghala mama azunguke tena mara saba kwa kinyume, avifungue alivyovifunga. Nilitaka kumjibu, Somoe akanizuia. Akazunguka kinyume, anatabasamu, na kaka yake akachechemea nyuma yake na kiatu kimoja, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa yeye ndiye wa kushikwa. Bei ya kahawa ilipopanda kidogo baadaye, Hyasinti aliomba nyongeza ya mshahara.

Walikwenda. Walikaa huko, wakahiji. Siku ya kurudi, wanawake tulikwenda stendi na vigelegele tayari mdomoni, Waislamu na Wakatoliki, mimi na chupa ya chai. Basi la Songea likaja. Likashusha watu. Somoe hakuwemo. Kondakta akasema kuna mama mmoja wa nyeupe alikuwa kiti cha nyuma, amelala, na basi likaendelea kuteremka Mbamba Bay.

Alifika kibandani kwangu kesho yake kutokea upande wa ziwa, juu ya lori, na gunia la usipa.

"Hajati," nikamwambia, "Makka ulifika, Mbinga ikakushinda."

"Kule nilikuwa macho. Basi la Songea nani analikeshea?" Akakaa, akavuta kikombe changu akanywa. Akafungua lile begi lenye kipande cha gunia, akatoa kichupa cha maji ya Zamzam, na chini yake kandambili moja iliyochakaa, akaiweka mezani mbele yangu.

"Na mwenzake?" nikauliza.

"Yuko Makka."

"Ulipotea?"

"Tulipotezana mara moja. Nikasimama kwenye nguzo yangu. Mfaume alinitafuta mpaka akavimba miguu, na mimi nimesimama tu. Aliyepotea ni yeye."

"Viatu vyake je?"

"Aliinama tena," Somoe akasema. "Nikamwinua."