Viazi, Mawe na Mkono Niliouvunja

Nilimvunja mtu mkono kwa sababu ya mifuko ya miche. Nikianza hivyo watu hucheka, halafu wakiniangalia usoni wanaacha.

Nilikuwa fundi mwanamke wa mashine katika kiwanda kidogo cha plastiki mjini Nakuru. Tangu mifuko ya kubebea ipigwe marufuku, nusu ya mashine zetu zilikuwa zimesimama. Mwenye kiwanda, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani akaja kuuza nguo mjini, hakutaka kufunga. Mimi nilikuwa nimejaribu jikoni kwangu kupika wanga wa viazi na glisarini na siki, mpaka ukakauka ukawa kama ngozi nyembamba. Nikampelekea kipande. Akakivuta, akakiuma.

"Hiki kikizikwa kinaoza?"

"Mwezi mmoja hivi, mzee. Nimezika nyuma ya nyumba."

"Basi tutafute viazi."

Wazo lilikuwa mifuko ya kuoteshea miche, mkulima aipande pamoja na mche bila kuichana. Lakini peke yetu hatungeweza. Viazi vilikuwa Mau Narok, kwa kikundi cha wakulima ambacho mwenyekiti wake alikuwa mama mwembamba mwenye sauti kavu. Unga wa mbao, wa kuupa mfuko nguvu, ulikuwa Elburgon, kwa mwenye kiwanda cha mbao, mwanamume mnene mwenye hasira za karibu. Tuliwakutanisha Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma, tukidhani tumbo likishiba moyo utalegea.

Mzee wangu alisema fomula itabaki kwake. Yule wa mbao akamwita mwizi. Mbuzi hata hajakatwa, wakawa wameshikana makoti, meza ikapinduka, kachumbari ikanimwagikia viatuni. Mkata nyama aliwatenganisha akiwa bado ameshika kisu. Mwenyekiti wa wakulima hakuinuka. Alisubiri wahemewe, akasema, "Mkichoka kupigana mniambie mnataka magunia mangapi."

Wakakubaliana siku ileile, shati la mmoja likiwa limechanika hadi kifuani. Fomula ingekuwa ya wote, na hakuna ambaye angefichwa hatua yoyote.

Tuliyemsahau ni broka, dalali anayenunua viazi kwa wakulima akaviuze mjini. Sisi tulitaka viazi vidogo, vile ambavyo wakulima walisema hutupwa. Havikuwa vinatupwa. Mabroka walivichukua wakavijaza katikati ya gunia, vikubwa vikakaa juu ili mnunuzi avione. Tulipoanza kuvichukua sisi, tulikuwa tumewatoa watu mkate mdomoni, na hatukuwa tumeuliza.

Safari ya tatu nilipanda lori mwenyewe, pamoja na dereva na yule mwenyekiti. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, ngano imeiva pande zote mbili za barabara. Kwenye kona tukakuta magogo yamelazwa. Dereva alipokanyaga breki, jiwe lilipasua kioo cha mbele likampiga juu ya jicho. Damu ilimfumba macho yote mawili. Wanaume kama tisa walitoka kwenye ngano na mapanga na fimbo.

"Mathe, shuka. Hiyo mali haipiti," mmoja wao alimwambia mwenyekiti.

"Boss, hivi ni viazi vya kutupwa tu," nilisema.

"Vya kutupwa na nani? Umetuuliza?"

Wakapanda nyuma wakaanza kukata magunia. Viazi vilimwagika barabarani kama kokoto. Mwenyekiti aliruka chini akiwatukana kwa majina ya mama zao, kwa kuwa aliwajua mmoja mmoja, na mmoja wao, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, alimpiga fimbo mdomoni. Nilisikia meno. Mama yule alikaa chini, akatema mkononi, akaangalia alichotema.

Chini ya kiti kulikuwa na spana ya magurudumu. Sikumbuki kuichukua wala kushuka. Nakumbuka uzito wake. Yule wa kofia aligeuka akaniinulia fimbo, nami nikampiga mkono ukalia kama kuni kavu. Akaanguka magotini. Nikampiga tena palepale. Pigo la kwanza nilikuwa najitetea. La pili sikuwa. Aliniangalia huku ameushika mkono, mfupa umetoka nje ya ngozi, nami bado nilitaka la tatu. Ni dereva, kipofu kwa damu, aliyenikumbatia kwa nyuma akisema, "Wacha, sista. Wacha. Utaua."

Wenzake walipouona ule mfupa walikimbia.

Kesho yake yule wa mbao alifika Mau Narok na wafanyakazi wake, wamebeba mashoka, na wakulima walikuwa tayari na petroli ya kuchoma stoo ya mabroka. Mwenyekiti alitoka nyumbani, mdomo umevimba kama embe. "Mkichoma, viazi vikubwa vitanunuliwa na nani? Nyinyi?" Maneno yalitoka na mate na damu. Hakuna aliyewasha kiberiti.

Mzee wangu ndiye aliyesema mabroka waingie kikundini. Wao ndio walijua shamba gani lina nini. Walikuja kiwandani watano, na yule wa kofia akiwa na mkono kwenye plasta. Nilisimama mbele ya wote nikasema nilimpiga mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshaanguka.

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

Hakunipa mkono, na sikumlaumu.

Mifuko ya kwanza iliyeyuka kwa umande. Ya pili iliungua ndani ya mashine, tukakwangua siku mbili. Baada ya misimu miwili ya mvua tulipata mmoja unaovumilia kitaluni na kuoza shambani, na sasa mikaratusi na kabeji za huku huoteshwa humo, si zote, ila nyingi.

Yule kijana hutuletea viazi kila wiki. Mkono wake haukunyooka. Huwasalimia wengine wote, "Sasa," halafu ananipita. Juzi alikuwa anashusha peke yake, gunia linamponyoka upande ule mbovu. Nikaenda nikashika upande wa pili bila kuulizwa. Alisita kidogo, kisha akainua. Tulishusha magunia yote, akapanda lori akaondoka.