Kutembea Bure Riat

Kila Jumamosi wanatoka mjini na magari yao, wanapita Mamboleo, wanaegesha kando ya kanisa letu pale Riat, halafu wanashuka na fimbo za chuma utadhani wanaenda kupigana na chui. Chui gani? Mlima wenyewe mama yangu aliupanda na mtungi kichwani na mimi mgongoni, na hakuna aliyempigia makofi. Wao wakifika juu wanatanua mikono, wanatazama ziwa, wanasema aa, hewa safi. Kisha wanatupa chupa za maji kwenye majani na kurudi mjini kula samaki. Eti haiki, kupanda mlima kwa starehe.

Nisingewadharau hivi kama si habari ya baba.

Baba alikuwa ameshastaafu ualimu alipopatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari akamwambia atembee kila siku, la sivyo atapoteza mguu, maana kidole gumba kilikuwa tayari kinakufa ganzi. Basi mzee wangu akaanza kupanda mlima alfajiri, kabla jua halijawa kali, polepole hadi kwenye mawe ya juu, na kurudi.

Sasa, kwetu mtu mzima hatembei bure. Ukionekana njiani una jembe, au unafuata ng'ombe, au unaenda matangani. Mzee anayezunguka vichakani giza halijaisha, hana alichobeba, huyo ni jajuok, mchawi wa kukimbia usiku na kurusha mawe kwenye mabati ya watu. Maneno yakaanza kisimani, mama akayaleta nyumbani akilia. Baba akaanza kutoka na jembe begani. Jirani yetu, mama mmoja ambaye mdomo wake haujui likizo, akatangaza kwamba jembe la mwalimu linarudi bila udongo. Hebu fikiria mtu mwenye akili timamu anaamka alfajiri kukagua jembe la mwenzake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipanda kutoka Manyatta ninakoishi, nimefura kwa hasira, nikamwambia baba atembee na wale wa Jumamosi, maana hao hata wakizunguka mlima kutwa hakuna anayewaita wachawi. Nikampeleka mwenyewe. Kiongozi wao, kijana mwenye miwani ya jua, alizitazama akala za baba, zile ndara za matairi, akasema kwa upole ule wa kuudhi kwamba viatu hivyo si salama mlimani. Anamwambia nani? Mtu aliyezaliwa mlimani humo humo! Wakapiga picha naye, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo baba alikaa. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, sukari ikapanda, kidole kikatoka kidonda, kidonda kikala mguu. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Akasema afadhali apoteze mguu kuliko jina, kwa sababu jina hilo wajukuu wake ndio watakaolibeba. Hospitalini waliukata chini ya goti.

Aliporudi nyumbani majirani walijaa sebuleni. Walikuwa wale wale wa kisimani, sasa wana sura za msibani. Na kwa kuwa kwetu mgonjwa hatembelewi hivi hivi, kila mmoja alikuja na sukari. Nilitazama zile pakiti mezani, nikawachukia wote, mmoja mmoja. Yule mama wa jembe alivuta kiti karibu kabisa na kitanda, akatikisa kichwa kwa huzuni, akauliza:

"Mwalimu, kwani daktari hakukuambia utembee?"

Nilifungua mdomo nimtukane. Baba akaniwahi. Alilivuta blanketi, akafunika pale mguu ulipokuwa, akamtazama usoni.

"Aliniambia, Mama. Nikatembea. Mkaniona."