Kibao cha Shingoni

Madam Matrida alikuwa na desturi ya kukusanya makosa. Wenzake katika shule ile ya kata, nje kidogo ya Kiabakari, walikusanya alama na asilimia za ufaulu. Yeye alipita kati ya madawati akiwasikiliza watoto wakikivunjavunja Kiingereza, akachagua kosa moja lililokomaa, akaliandika ubaoni: My father he is a farmer. Kisha aliwageukia Kidato cha Pili na kuwauliza kwa Kiswahili, "Haya. Kosa hili mama yake nani?"

Aliamini kwamba kila kosa lina mama. Aliyeandika sentensi ile alikuwa na "baba yangu yeye ni mkulima" kichwani, akaivusha nzimanzima. Mama akishajulikana, kosa hupungua ubishi: baba ametajwa, basi he apumzike, My father is a farmer. Aliyesema I am having two brothers alidhani "na" ya "nina" ni ileile ya "ninasoma", inadai -ing, ilhali ndugu unao tu, huendelei kuwa nao: I have two brothers. Na aliyesema Yesterday I go to Bunda? "Huyo mama yake ni haraka," Ryoba wa dawati la nyuma aliwahi kujibu, na darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo karibu wote wakaandika I went.

Hiyo ndiyo njia aliyokuwa nayo. Alianza nayo Bunda akiwa msichana, akahamia nayo Musoma, na sasa, magoti yakilalamika kila apandapo ngazi ya ofisi, hakuwa na nyingine.

Ndipo akaja mkuu mpya wa shule, Mwalimu Enoka, kijana mwenye bidii na mashati yaliyonyooka, na kibao kikaja pamoja naye. Kilikuwa kipande cha mbao kilichofungwa kamba ya katani na kuandikwa kwa rangi nyekundu SPEAK ENGLISH. Anayesikika akisema Kiswahili au Kizanaki ndani ya uzio anavishwa shingoni, naye hukivua tu akimkamata mwenzake. Jioni paredini, kinapokutwa, mwenye nacho anadeki vyoo.

Watoto walijifunza haraka, ila si Kiingereza. Mwenye kibao alimkanyaga mwenzake kusudi ili aseme "mama!" kwa uchungu. Waliobaki walijifunza kunyamaza. Wakati wa mapumziko mpira ulichezwa kimyakimya, watu wakipungiana mikono kama wako msibani. Darasani Madam Matrida aliuliza swali, na nyuso zote zikainama juu ya madaftari.

Aliyemuumiza zaidi ni Wankyo. Mama yake aliuza dagaa sokoni Kiabakari, naye alikuwa msemaji kuliko wote, mwenye makosa mengi na mazuri, yale ambayo mwalimu akiyasahihisha darasa zima linafaidika. Sasa alikuwa amevishwa kibao mara kwa mara hadi shingo ikaota alama ya kamba, na mkono wake haukupanda tena. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Madam Matrida alijua kwamba mtoto akishanyamaza namna ile hanyamazi Kiingereza peke yake. Anafunga shule yote, na baada ya muda hafiki kabisa. Alikwisha kuwaona wengine wakiishia hivyo.

Siku moja baada ya kipindi alimkuta kwenye kona ya darasa, kibao kifuani, macho chini.

"Wankyo, mwanangu, mbona siku hizi hunyanyui mkono?"

Msichana aliangalia huku na huku kwanza. "Madam," alinong'ona, "nikikosea Kiingereza wananicheka. Nikisema Kiswahili wananivisha. Zamani nilikuwaga nakosea tu, unaandika, tunacheka, yanaisha. Sasa nisemeje?"

Madam Matrida alijisikia mzito, kama mtu aliyetoka kuteka maji na kuona ndoo inavuja. Kisha akakumbuka kwamba amemwuliza swali lile kwa Kiswahili, ndani ya uzio, saa za masomo.

"Nivishe," alisema.

"Nani, Madam?"

"Mimi. Nimesema Kiswahili, umenisikia. Si ndiyo sheria?"

"Hamna, Madam. Haiwezekani. Watanichapa."

"Atakayekuchapa aanze na mimi." Akainama, polepole kwa ajili ya magoti, na Wankyo akaivua kamba na kuipitisha juu ya kilemba cha mwalimu wake.

Aliingia nacho ofisini. Walimu wenzake wakaacha chai mezani. Alfonce wa Hisabati ndiye aliyethubutu kusema, "Madam, leo unadeki wewe?"

"Nitadeki. Fagio ninalijua."

Mwalimu Enoka alitokea mlangoni, akaona, uso ukambadilika. "Mama, ni nini hiki? Unanidhalilisha mbele ya watoto."

"Hapana, Mkuu. Nimekamatwa kihalali."

"Basi kamata mwingine ukivue."

"Tangu nivae sijasikia aliyekosea. Masikio nayo yamezeeka."

"Mama, mimi nakuheshimu sana, lakini jambo hili…" Akasita. Amesema Kiswahili chote kile, amesimama ndani ya uzio, na ofisi nzima ilikuwa imetambua. Alfonce aliangalia kibao, akamwangalia Mkuu, akakizamisha kicheko ndani ya kikombe.

Madam Matrida alishika kamba. Ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono tu. Akamtazama yule kijana, akaona kitu ambacho hakuwahi kukitambua kwake: hofu ileile ya Wankyo. Huyu naye alikwisha kuvaa kibao chake mahali fulani alipokuwa mtoto, ndiyo maana hata leo alipima kila neno la Kiingereza kama mtu anayekanyaga mawe ya mto. Hakika alidhani kibao ndicho kilichomfikisha hapa.

Aliiachia kamba.

"Chai yako inapoa, Mkuu," alisema.

Mwalimu Enoka akajikohoza. "We will discuss about it tomorrow," alisema kwa sauti ya chini, akaondoka. Kosa hilo nalo lilikuwa na mama yake, "kujadiliana kuhusu", na kwa kawaida Madam Matrida angeling'oa lile about palepale. Siku hiyo aliliacha lipite. Hakuwa na nguvu, wala halikuwa la kusahihishwa mbele ya watu.

Jioni alideki vyoo kweli. Alirudi nyumbani nacho shingoni, akipita sokoni huku watu wakimpa shikamoo na kukitazama kibao, asiwaeleze. Asubuhi akakivaa tena. Alijua kwamba fundi seremala anaweza kuchonga kingine kabla ya mchana, na kwamba Mkuu bado alikuwa na maneno yake. Ila kwa saa zile kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kwake.

Kidato cha Pili walimwona wakakaa kimya. Akaandika ubaoni: My mother he sells dagaa. Kisha akauliza, "Haya. Mama yake nani?"

Halafu Ryoba kutoka nyuma: "Madam, umeshavaa. Ukisema tena utavaa cha pili?"

"Hakuna cha pili. Semeni kabla hakijaja."

Kicheko kikaanza, kidogo, cha woga, kikakua. Wankyo alikuwa anatazama meza yake. Mkono ukapanda hadi sikioni, ukashuka, ukapanda tena.

"Madam, mama yake ni 'yeye'," alisema. "Yeye yetu haichagui mwanamke wala mwanaume. Ya kwao inachagua."

"Sahihisha basi."

Wankyo akasimama. "She sell dagaa."

"Sells," alisema Ryoba. "Ubaoni kulikuwaga na s."

"Hadi jana ulikuwa unanong'ona, leo unanisahihisha?" Wankyo akamgeukia, na nusu ya darasa ikaingia katika ubishi, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kiingereza kibovu, wote kwa pamoja.

Madam Matrida akavuta kiti na kuketi. Kibao kiligonga ukingo wa meza. Magoti yalimshukuru. Aliwaacha wabishane, akasikiliza, akaanza kuchagua kosa la kesho.