Mgawa Maji Anayeanzia Mkiani

Mgawa maji wa kambi ya chai haanzi na aliye mbele. Husukuma mkokoteni wenye pipa hadi mwisho wa mstari, akaanzia huko, na waliotangulia hunung'unika, "Mzee, sisi tumedamka bure?" Yeye huguna tu. Ndoo ikizama pipani, huita kama anayeimba, "Pima mbili! Chini mwamba!" Wachuma chai hucheka: mwamba ndani ya pipa! Viganja vyake vina makovu ya kamba, maana zamani ziwani alikuwa akitupa majini kipande cha risasi kilichofungwa kambani kupima kina, meli zipite salama.

Asubuhi moja Nyatichi, ambaye hukosa kuwahi kwa kuwalea wadogo zake na hivyo husimama mkiani, alimwuliza mzee kama bandari ya kijijini kwake pia waliipima. Ndoo ikasimama hewani.

"Bwana mkubwa wa upimaji alisema bandari ile kubwa ya pamba kwanza. Yetu kadogo, baadaye."

"Mkafika?"

"Tulifika. Mwamba tukaupata. Lakini mashua ilikuwa imeshaugonga, na binti yangu Aoko ndani, msichana kama wewe."

Debe la Nyatichi likajaa, likafurika, naye mzee akaendelea kumimina. Safari hii mbele hakuna aliyenung'unika.