Boti ya Mwisho Ilipofika Mufindi

Mtu akikwambia nilikuwa nimelewa, mjibu kwamba siku ile nilikunywa kopo moja tu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, tena mtogwa, ule mtamu ambao hata bibi harusi anaonja. Na haikuwa usiku. Jua lilikuwa bado halijazama, ingawa lilikuwa halionekani. Mimi si mtu wa kutunga, sina hata hiyo akili. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, msimu wa ulanzi wa mwaka juzi, na mpaka leo sijakaa sawa.

Lazima nianze na ubaharia, maana bila huo hutanielewa. Siku hizi kila kijana anayekaa kijiweni pale Mbeya anajiita baharia, hata kama maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bafuni kwao. Sisi tulikuwa mabaharia wa chumvi. Tulikuwa watatu kutoka huku juu, kwenye meli ya mizigo ya Wagiriki: mimi wa Mbeya, Nyalusi Mhehe wa Mufindi, na Asajile Mnyakyusa wa Kyela. Wenzetu wa Tanga na Unguja walitucheka, wakatuuliza watu wa milimani mnatafuta nini baharini. Basi tukafika Hamburg wakati wa baridi. Wao wakajikunyata chini ya mablanketi, na Nyalusi akapanda juu na shati moja, akawaambia kwamba hii kwetu ni Juni tu.

Ah, bandari zile! Unashuka baada ya majuma ya maji matupu, ardhi inakuyumbisha kama vile ndiyo bahari, na miguu yenyewe inajua njia ya baa. Pale Pirea, Ugiriki, kulikuwa na mama mmoja mnene aliyekaanga vidagaa na kuvikamulia limau. Hakuuliza unataka nini. Alikutazama usoni, akajua kama umetoka kwenye dhoruba, akakuongezea sahani. Kule Santos, Brazili, watu weusi kama sisi walitusemesha Kireno wakidhani sisi ni wenyeji, nasi tukajibu Kiswahili, na niamini, tulielewana vizuri kabisa. Na kila baa Nyalusi alionja bia yao, akatikisa kichwa na kusema ni nzuri, lakini si ulanzi. Yule mama wa Pirea alilijua neno ulanzi kabla hajajua majina yetu.

Asajile hakunywa pombe. Alikuwa Mmoraviani wa kweli, wa soda na biskuti. Kazi yake aliyojipa ilikuwa kutukusanya. Bandari nyingi meli ilitia nanga nje, watu wakaletwa mjini kwa boti, na boti ya mwisho ikiondoka bila wewe, umeachwa. Unajua kuachwa na meli ni nini? Ni kubaki nchi ya watu bila kabuti, bila lugha, bila mtu anayejua mama yako anaitwa nani. Kwa hiyo Asajile alizunguka baa hadi baa na koti lake la mvua la bluu, akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, akasema, "Jamani, boti ya mwisho." Hukubishana wala hukumalizia glasi. Ulisimama. Miaka yote ile mwili ukazoea kusimama kabla kichwa hakijasikia.

Huyo Asajile alifia Santos, kwa homa. Tulimzika hukohuko, na jeneza nililibeba mimi mwenyewe, upande wa kichwani. Hilo liweke akilini.

Sasa njoo huku uzeeni. Nyalusi amefiwa na mke, moyo wake umevimba, anaishi na binti yake Tumaini kijijini, ukiiacha lami ya Mafinga na kuingia kwenye mashamba ya chai. Kila msimu wa ulanzi mimi napanda basi kutoka Mbeya kwenda kumwona. Siku hiyo Tumaini alinivuta pembeni kabla hatujatoka. Akasema, "Baba mdogo, nakuomba unirudishie baba kabla ukungu haujashuka. Sina mwingine." Nikamwahidi.

Tukaenda kilabuni. Tulikaa kwenye benchi letu la pembeni tukaanza kuzipitia bandari moja moja, tukicheka mpaka Nyalusi akakohoa. Alisema mtu mwenye kumbukumbu kama zetu hana wa kuzungumza naye, wajukuu wanadhani ni hadithi. Nilimwelewa. Nilihisi uchungu nikafurahi hapohapo, sijui kama imewahi kukupata. Hatukuona ukungu ulivyoshuka.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mtu wa koti la bluu linalochuruzika maji. Akaja moja kwa moja kwetu, akagonga ubao wa benchi mara mbili, akasema, "Jamani, boti ya mwisho."

Unadhani tulipiga kelele? Unadhani tulikimbia? Tulisimama. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko vyote: tuliweka makopo chini, tukamfuata nje kama tulivyomfuata siku zote, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nje ulikuwa ukungu mtupu na njia nyembamba katikati ya chai. Nikasikia harufu ya dizeli na chumvi. Mufindi! Nyalusi, ambaye alikuja pale akipumzika kila baada ya hatua chache, alikuwa mbele yangu anatembea kama kijana kabisa, hakohoi. Nisikufiche, sikuogopa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nishuke melini mara ya mwisho.

Kisha Asajile akageuka kutazama kama tunafuata. Sisi tuna mvi na mapengo. Yeye uso ulikuwa uleule wa ujanani. Nikakumbuka uzito wa lile jeneza begani kwangu.

Nikamshika Nyalusi sweta. Nikamwambia Tumaini anamngoja. Hakugeuka. "Niachie, baharia," akasema kwa upole. "Tutaachwa."

Ningefanya nini? Asajile hakuwahi kumwacha mtu bandarini, na hakuwahi kubembelezeka. Jambo moja tu lilimzuia, nalo ni zamu. Mara nyingine mmoja wetu aliwekwa gatini kulinda mizigo, na Asajile hakumgusa mtu huyo, kwa sababu zamu haiachwi mpaka mwingine aipokee. Nikaling'ang'ania hilo.

"Asajile," nikasema, "huyu ana zamu."

Akamtazama Nyalusi. "Zamu ya nini?"

Mimi nilikuwa nimebahatisha tu. Nikajua tumekwisha. Lakini Nyalusi akainamisha kichwa, akajibu mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudi kutoka mbali. "Ng'ombe wa Tumaini. Jioni namkamua mimi."

"Haya," akasema Asajile. "Zamu haiachwi. Nitapita ikishapokelewa." Akaingia kwenye ukungu, na kikohozi cha Nyalusi kikarudi palepale. Nilimbeba karibu nusu ya njia, nikamkabidhi kwa binti yake akiwa hai.

Tangu siku ile Nyalusi hakukosa kukamua. Mvua, homa, yeye na ndoo yake. Kila jioni alinipigia simu kusema neno moja tu, nimekamua, nami nikalala vizuri. Hatukumwambia mtu. Nani angetuelewa?

Ikaja Juni, na baridi ya kwao unaijua. Tumaini mwenyewe alinisimulia msibani. Alimwona baba yake anatetemeka, akamhurumia, akamwambia, "Baba, leo pumzika. Nakamua mimi." Alisema mzee alimtazama sana, halafu akampa ndoo vizuri tu, akavaa viatu, akakaa kibarazani. Akiwa zizini Tumaini alisikia nguzo ya baraza ikigongwa mara mbili. Alidhani baba anamwita. Alipotoka na maziwa, mzee alikuwa ameshakwenda, ameegemea ukuta, na sakafu mbele yake imelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

Aliniuliza kama najua ni nani aliyegonga. Nikasema sijui. Binti yule alimpenda baba yake, na siwezi kumtwisha mzigo huo. Wewe pia ukikutana naye, nyamaza.

Lakini wewe uliye na mzee nyumbani, nakuonya. Usimpokonye kazi zote kwa huruma. Mwachie hata kuku wa kufungulia asubuhi.

Mimi nafagia uwanja kila siku, mgongo uume usiume. Juzi mkwe wangu alinyoosha mkono kuupokea ufagio, akaniambia kwa adabu kabisa, baba, pumzika. Nilimkaripia mpaka akalia, na alikuwa hajakosa lolote. Siku moja nitampa ufagio huo mwenyewe, maana wenzangu nimewakumbuka sana. Ila bado.