Pezi la Tatu Nililikata Mimi

Nimewahi kuona roketi ikipaa, ikasita, kisha ikageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Watu uwanjani walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mimi ni fundi wa ngozi, soko la Kariokor, Nairobi. Miaka kumi na minne nakata viatu. Jirani yangu wa ploti, Nzisa, ni karani wa duka la vyuma, lakini moyo wake uko kwa roketi ndogo za kadibodi.

Mwaka huu kukawa na mashindano. Roketi yako ikipaa wima kuliko zote, unapewa nafasi moja ya mafunzo ya mwaka mzima ya ufundi wa anga. Nzisa alikuwa ameyaombea hayo tangu shule.

Alibaki na bomba moja tu la kadibodi, la kuwa mwili wa roketi. Alilizungushia karatasi, akaigawa sehemu tatu sawa, kisha akalilaza bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango wake na kuchora mistari mitatu iliyonyooka. Ikabaki kukata mipasuo ya kuingiza mapezi, yale mabawa madogo ya mkiani.

"Naogopa kuiharibu, Shiundu."

"Wacha uoga, leta hapa. Hii jicho yangu ni rula!"

Akaniachia, akaenda kazini.

Mpasuo wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Kwa wa tatu mteja akaanza kuniuliza bei ya sandali, na mkono ukarudi kwa mazoea.

Sisi wa ngozi hulaza kisu, ukingo utoke mshazari, gundi ishike vizuri. Bomba la roketi linataka kisu kisimame wima.

Nilipolichomeka, pezi likaegemea. Kidogo tu, unene wa kucha. Na niliona, naapa niliona.

Nikajaza gundi, nikapaka rangi nyekundu, nikamkabidhi Nzisa kama kazi safi.

Siku ya kurusha, roketi ilipaa kidogo, ikapinda, ikajibamiza ukutani.

"Nani alipima hii?" jaji akauliza.

"Ni mimi," Nzisa akasema.

"Mistari yako haikunyooka. Pole."

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nikainama kuokota vipande vya roketi.

Miezi miwili nilipanga kumwambia. Kila tukikutana kwa mfereji, nasema "pole" na kuchota maji.

Jumamosi moja akaja kwa meza yangu ya kazi.

"Roketi niliwacha. Macho yangu iko na shida. Yako haikosei, nifunze kukata ngozi."

Aki nilijichukia. Lakini badala ya kukiri, nikampa kisu.

"Usikisimamishe," nikamwelekeza. "Kilaze hivi. Ukizoea, mkono unakilaza wenyewe, hata hufikirii."

Akakata kipande kimoja cha ngozi. Akautazama ukingo uliotoka mshazari. Kisha akanitazama.

"Hata ile siku ya bomba yangu?"

"Hata ile siku. Pezi ya tatu. Niliona, nikapaka rangi."

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Miezi mbili, Shiundu. Kila asubuhi napima fremu ya mlango, nikidhani ni nyumba imepinda."

Akaweka kisu mezani, akaenda.

Jioni hiyo niliwaandikia majaji nikieleza yote. Wakajibu kwa upole kwamba nafasi ilishachukuliwa na mtu mwingine.

Jana nilimwona mlangoni na bomba jipya. Anakata mwenyewe, kisu kimesimama wima. Nilimsalimia, hakuitikia, na sina la kulalamika.

Ndugu yangu, ukiharibu kazi ya mtu, mwambie gundi ikiwa bado mbichi.