Kitambaa Cheusi cha Kupimia Kinamasi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Al Qusais, Dubai, nilipima pumzi yangu mwenyewe. Fundi Mkuu, Mkenya wa kutoka Nakuru, alikuwa akilijaribu kasha la plastiki angavu juu ya trei ya mboji. Mimi, mtaalamu mpya wa maabara kutoka Tanga, nikainama kuchungulia kabla kasha halijabanwa vizuri. Namba za mashine ya kupima gesi zikaruka.

"Hiyo ni wewe, mama," alisema. "Rudi nyuma. Tunapima udongo, si chai uliyokunywa."

Mboji ile ni mabaki ya mimea yaliyolala majini kwa karne nyingi, katika vinamasi vya kaskazini mwa Ulaya, bila kuoza. Watu huvikausha vinamasi hivyo, huichimba mboji na kuitia magunia. Hata bustani za Dubai huitumia. Kinamasi kilichochimbwa hubaki kikitoa kaboni hewani mwaka hadi mwaka. Wapo wanaokitibu: huziba mitaro ili maji yarudi, kisha hutandaza mimea midogo ya asili. Kampuni yetu ilipima kama tiba imefaulu. Wateja wa Meneja wa Miradi walipenda kusikia kwamba imefaulu.

Unazamisha pete ya chuma udongoni, unaiacha itulie, ndipo unaweka kasha juu yake. Unasimama juu ya mbao, kwa sababu ukikikanyaga kinamasi unakikamua gesi. Mashine huonyesha kama kaboni ndani ya kasha inapanda au inashuka. Kisha unalifunika kasha kwa kitambaa cheusi, unapima tena. Penye mwanga mimea huvuta kaboni. Gizani haivuti, na hapo unaona kile ambacho mimea na ardhi vinatoa. Kipimo kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Msimu wangu wa tatu, tukifungasha vifaa vya safari, Meneja aliingia karakana akavitoa vitambaa vyeusi sandukuni.

"Vinaongeza uzito," alisema.

"Sir, ni vyepesi kuliko taulo."

"Pimeni penye jua. Khalas, basi."

"Sir, ukiitembelea nyumba ya Mwislamu mchana wa Ramadhani, utaandika kwamba humo hawali?"

"Visa yako inaisha lini?"

Alipotoka, Fundi Mkuu alinivuta kando. "Mama, nyamaza. Huyo ndiye ameshika karatasi zetu. Na wewe uko na mtoto shuleni."

Nilinyamaza. Jioni nikaenda Bur Dubai, kwenye maduka ya vitambaa, nikanunua kitambaa kizito cha buibui, nikakishona mara mbili mbili hadi jua lisipenye. Tulipofika kinamasini, huko kaskazini mwa Ulaya, nilikitoa kwenye begi langu la nguo.

"Ulikuja kupima gesi ama kuuza mabuibui?" aliuliza Fundi Mkuu.

"Ukitaka la kwako nitakushonea."

Alicheka, akanishikia pembe moja.

Penye jua kinamasi kilichotibiwa kilivuta. Chini ya buibui kilitoa, na kwa hesabu ya msimu mzima kilitoa zaidi ya kilivyovuta, ingawa kidogo sana kuliko uwanja wa jirani ulioachwa mkavu. Meneja alitaka taarifa isiyo na vipimo vya giza. Nilikataa kutia sahihi.

"Umetuharibia," alisema.

"Sijaharibu, sir. Mgonjwa amepata nafuu. Nafuu si kupona."

Mkataba wangu haukuhuishwa. Nilihangaika hadi nikapata kafeel mwingine wa kunidhamini visa, maabara ya kupima maji, na huko ndiko nilikostaafu. Sasa naishi kwa binti yangu, Jumeirah Village Circle, na vijana huniuliza kama najuta. Sijuti. Visa hutolewa na mtu, na mtu huweza kuinyima. Kile ambacho kinamasi kilitoa chini ya kitambaa changu hakikuomba ruhusa ya yeyote.

Mwezi uliopita Fundi Mkuu alinipigia simu. Bado yuko karakana ileile.

"Mama, kile kitambaa ulikinunua duka gani?"

"Meneja amebadilishwa?"

"Ni yuleyule."

"Anajua?"

"Begi ni langu, mama. Na nguo ni zangu."

Nikamwelekeza duka. Nikamwambia achukue kizito, akishone mara mbili, na akikunje chini kabisa ya mashati.